Kumpigia Debe Mgombea Bila Kumkosea Jirani

Kifungu cha 38 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila raia uhuru wa kufanya uamuzi wake wa kisiasa, na kinautaja uhuru huo katika mambo matatu: kuunda chama au kushiriki kukiunda, kushiriki shughuli za chama au kukisajilia wanachama, na kukifanyia kampeni chama au jambo analoliamini. Kijana anayezunguka mitaa ya Kisauni, Mombasa, na karatasi za mgombea wake anakitegemea kifungu hicho, hata kama hajawahi kukisoma. Jambo linalosahaulika ni kwamba jirani anayemfungulia mlango na kumwambia waziwazi kuwa mgombea huyo hamtaki anakitegemea kifungu kicho hicho, neno kwa neno. Katiba haikumpa anayepiga debe haki kubwa kuliko ya anayekataa kupigiwa.

Uchaguzi mkuu ujao unatarajiwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027, kwa kuwa Katiba imeuweka katika Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano, na wengi wataombwa kujitolea kabla ya siku hiyo. Wengi wao wataambiwa pia wawaheshimu wenye maoni tofauti, na wataambiwa hivyo kwa sauti ile ile ya kukumbushwa kuvua viatu mlangoni, kana kwamba ni adabu ya nyongeza. Maoni yangu ni kwamba heshima hiyo ni sehemu ya kazi yenyewe. Asiyekuwa nayo hupoteza kura alizotumwa kuzitafuta, huuweka hatarini ugombea wa mtu wake, na mara nyingine huvunja sheria bila kujua. Ili kuliona hilo, inafaa kwanza kujua huyu anayejitolea ni nani na anaruhusiwa kufanya nini.

Wanne katika fulana moja

Msimu wa kampeni ukifika, watu wanaovaa fulana ya rangi moja huwa hawafanyi kazi moja. Yupo mwanachama anayekiamini chama chake, ambaye hutoa muda wake na nauli yake kwenda nyumba kwa nyumba. Yupo anayelipwa kwa siku ili akusanye watu kabla ya mkutano wa hadhara, na ambaye wiki ijayo anaweza kumfanyia mpinzani kazi hiyo hiyo. Yupo wakala, anayekiwakilisha chama ndani ya kituo cha kupigia kura akiwa na barua ya uteuzi na kiapo cha kutunza siri. Na yupo kijana aliyekodishwa kuja kupiga kelele, kurarua mabango na, mambo yakichacha, kurusha mawe. Huyu wa mwisho hastahili hata kidogo kuitwa mfanyakampeni, na Kifungu cha 91 cha Katiba kinakikataza chama kushiriki au kuchochea vurugu, kuwatisha wafuasi au wapinzani, kuwa na kundi la wanamgambo, na kutoa hongo. Lakini kwa mkazi aliyekaa barazani wote wanne wanafanana, na ubaya wa mmoja huandikwa kwa jina la wote. Ndiyo sababu anayejitolea kwa nia njema ana haja ya kujua mipaka ya kazi yake kuliko mtu mwingine yeyote katika msafara ule.

Mpaka wa kwanza ni fedha. Kupewa nauli, chakula cha mchana, fulana, kofia au leso yenye picha ya mgombea ni mambo ya kawaida kwa mtu anayefanya kazi ya kampeni, na hakuna aibu ndani yake. Mambo hugeuka pale anayejitolea anapokabidhiwa bunda la noti aligawe mtaani, kila mtu apate ya chai. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 haimwangalii mgombea peke yake: anayetoa hongo kwa niaba ya mwingine ametoa hongo, na anayeipokea ili apige kura kwa namna fulani naye ana kosa lake. Bunda lile likishaingia mkononi mwake, aliyejitolea amekuwa mtoaji wa hongo, ingawa fedha si zake na pengine hakubakiwa hata na shilingi moja. Inafaa pia kujua kwamba Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi, iliyopitishwa mwaka 2013 ili kuweka ukomo wa matumizi, haikutekelezwa katika uchaguzi wa 2017 wala wa 2022. Fedha zimeendelea kumwagika bila kipimo, na mahali penye fedha nyingi kiasi hicho mtu anayefanya kazi bila malipo hutiliwa shaka na pande zote mbili: wapinzani humwona amenunuliwa, na wenzake humwona mjinga.

Hongo ina uhusiano gani na heshima kwa maoni ya mwingine? Uhusiano ni wa karibu kuliko unavyodhaniwa. Mtu anayempa jirani yake shilingi mia mbili ili abadili kura amekata shauri kwamba maoni ya jirani huyo hayana uzito wa kujibiwa kwa hoja. Maskini ndio wanaofanyiwa hivyo zaidi, na ndio wanaolaumiwa baadaye kwamba wao ndio waliouza kura.

Mpaka wa pili unahusu nafasi ya mtu. Sheria hiyo ya 2016 inamkataza afisa wa umma kushiriki shughuli za chama au mgombea, au kuwa wakala wake. Chifu, karani wa kaunti na mwalimu anayelipwa na serikali wanaweza kuwa na maoni makali kuliko ya mtu mwingine yeyote mtaani, na wana kura yao kama wengine, lakini hawawezi kujitolea katika kampeni. Sababu yake si ngumu kuiona. Mkazi anayemhitaji chifu amwandikie barua ya kitambulisho hawezi kumwambia chifu huyo huyo kwamba mgombea wake hafai. Pale ambapo mmoja ana uwezo wa kumnyima mwingine huduma, mazungumzo ya siasa kati yao hayawezi kuwa huru, hata yakifanywa kwa tabasamu.

Mpaka wa tatu ni usajili wa wanachama, kazi ambayo hupewa wanaojitolea miezi mingi kabla ya kampeni. Mwezi Juni 2021, wananchi walipopata njia ya kuangalia kwa mtandao rekodi za Msajili wa Vyama vya Siasa, Wakenya wengi waligundua kwamba wamesajiliwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Namba zao za vitambulisho zilikuwa zimetumiwa bila idhini yao. Waliofanya hivyo pengine waliona ni kujaza daftari tu, ili chama kionekane kina watu. Matokeo yake si madogo: sheria hairuhusu mtu kuwa mwanachama wa vyama viwili, na Kifungu cha 85 kinamtaka mgombea huru awe hajawa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mtu anaweza kuzuiwa kugombea kwa sababu ya mstari ambao mtu mwingine aliuandika kwa jina lake. Anayejitolea kusajili wanachama kwa hiyo anapaswa kukaa na mwenye kitambulisho, kumweleza anajiunga na nini, na kuondoka bila jina pale anapokataliwa.

Mlangoni

Sehemu kubwa ya kazi ya kampeni haifanyiki jukwaani. Hufanyika mlangoni, sokoni, kwenye baraza za kahawa na katika vituo vya bodaboda, na hapo ndipo heshima hupimwa kwa dakika.

Tuchukue alasiri ya kawaida katika mtaa wenye nyumba za Kiswahili, zile za vyumba sita na ukumbi katikati. Kijana anabisha hodi, anamwamkia mama mwenye nyumba shikamoo, anaitikiwa marahaba, na kabla hajasema neno mama ameshaiona fulana. “Mwanangu, mimi huko kwenu simo. Karibu maji ya kunywa, lakini kura yangu usiitie hesabuni.” Mfanyakampeni asiyefunzwa kazi atarudisha: “Kwani mama, hao mnaowachagua kila mwaka wamewafanyia nini?” Kuanzia hapo kila atakachokisema kitasikika kama ugomvi, na mama atawaelezea majirani jinsi alivyotukanwa barazani pake. Anayeijua kazi atasema, “Hapana neno, mama. Lakini nikuulize, haya maji ya mtaa huu yanakujieni siku ngapi kwa wiki?” Mama atazungumza. Ataeleza bei ya dumu, atamtaja mwenye mkokoteni anayepandisha bei mifereji ikikauka, ataeleza ni ofisi gani walikwenda wakarudishwa. Kijana ataondoka bila ahadi ya kura, lakini ana jambo ambalo mgombea wake hakulijua asubuhi, na ana mlango anaoweza kuubisha tena. Huenda pia chumba cha nne kina mpangaji aliyekuwa akisikiliza wakati wote huo kupitia pazia.

Hesabu inaunga mkono njia hii. Katika uchaguzi wa urais wa tarehe 9 Agosti 2022, William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, na Raila Odinga akapata 6,942,930. Tofauti yao ilikuwa kura 233,211. Ukizigawanya kwa vituo 46,229 vilivyopiga kura, unapata wastani wa kura tano tu kwa kituo kimoja. Kura tano ni nyumba moja ya wapangaji. Mfanyakampeni mmoja mwenye mdomo mchafu anaweza kuzipoteza kabla ya adhuhuri, na hakuna mkutano wa hadhara utakaozirudisha.

Zipo taratibu nyingine ambazo mtu huzichukulia kuwa za urasimu, lakini kwa hakika zinamlinda yule asiyetaka kusumbuliwa. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, iliweka muda wa kampeni za 2022 kuanzia tarehe 29 Mei hadi tarehe 6 Agosti, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na kampeni zilikoma saa 48 kabla ya kura. Ratiba za mikutano hupelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi ili wagombea wawili wasijikute uwanja mmoja saa moja. Gari lenye vipaza sauti linalopita saa nne ya usiku limevunja kanuni, na limemkera mzazi mwenye mtoto mgonjwa ambaye pengine alikuwa mfuasi. Kanuni za maadili ya uchaguzi zilizomo katika Sheria ya Uchaguzi ya 2011 hutiwa saini na vyama na wagombea, lakini wajibu wake huwafikia mawakala na wafuasi, maana anayetia saini huahidi pia kuwadhibiti watu wake. Adhabu ikitoka, humwangukia mgombea kwa kosa la mtu ambaye pengine hamjui hata kwa jina.

Kuna swali ambalo mfanyakampeni mwerevu haulizi: “Utampigia nani?” Kura ni ya siri kwa mujibu wa Kifungu cha 81, na mtu akibanwa ajibu atasema lolote la kumwondoa mgeni mlangoni. Majibu ya namna hiyo ndiyo hujaza madaftari ya wagombea waliokuwa na uhakika wa kushinda hadi usiku wa matokeo.

Jirani mmoja, kura sita

Mfanyakampeni huwagawa watu mafungu mawili, wetu na wao, na mgawanyo huo humharibia kazi kwa sababu hauendani na jinsi Mkenya anavyopiga kura. Kila mpiga kura hupewa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake wa kaunti, ya mbunge na ya mwakilishi wadi. Vyama huhubiri kwamba zote ziende upande mmoja, lakini wapiga kura wana hesabu zao. Kaunti ya Kwale ni mfano mzuri. Mwaka 2022 wengi wa wapiga kura wake walimchagua Raila Odinga kwa urais, na uchaguzi huo huo ukampa ugavana Fatuma Achani wa chama cha UDA, chama cha mpinzani wa Raila. Maelfu ya watu walisimama ndani ya kibanda wakatia alama upande huu kwenye karatasi moja na upande ule kwenye nyingine, na hawakuona mgongano wowote. Walikuwa wakijibu maswali mawili tofauti: nani aongoze nchi, na nani aendeshe zahanati na barabara za kaunti.

Kwa hiyo jirani anayeitwa mpinzani huenda anapingana na mtu kwa kura moja na anakubaliana naye kwa tano. Ukimtukana kwa ile moja, umezitukana zote. Wakati mwingine uchaguzi wenyewe hutenganishwa kwa nguvu. Kura za ugavana wa Mombasa na Kakamega ziliahirishwa mwaka 2022 kwa sababu ya makosa ya uchapishaji wa karatasi, zikapigwa tarehe 29 Agosti, wakati mshindi wa urais ameshatangazwa na kesi ya kumpinga iko mahakamani. Wafanyakampeni wa kaunti hizo mbili walilazimika kurudi kwenye milango ile ile, kwa watu waliokuwa wametoka kufurahi au kuumia kwa matokeo ya juu. Waliokuwa wamechoma madaraja katika wiki za mwanzo walikosa pa kupita.

Kuheshimu si kunyamaza

Hofu ya wengi wanaposikia habari za kuheshimu maoni tofauti ni kwamba wanatakiwa wawe laini, wasiseme lolote la kumgusa mpinzani. Hilo silikubali. Kampeni bila ukosoaji ni sherehe tu. Mtu ana haki kamili ya kusema kwamba mbunge fulani alipewa fedha za hazina ya maeneobunge na madarasa hayakujengwa, na akiwa na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu mkononi atasema kwa nguvu zaidi. Ana haki ya kusema kwamba mgombea alihama vyama, kwamba ahadi yake haina hesabu, kwamba alipokuwa bungeni alipiga kura dhidi ya maslahi ya wavuvi. Yote hayo yanahusu alichokifanya au anachokusudia kukifanya mwenye kuomba kazi, na mwenye kuomba kazi hana budi kuhojiwa.

Mpaka huvukwa pale maneno yanapomwacha mgombea na kuwashukia watu wanaomfuata: kabila lao, dini yao, walikotoka, au haki yao ya kuishi mahali wanapoishi. Kifungu cha 33 kinacholinda uhuru wa kujieleza kinasema wazi kwamba uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 imeweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria hiyo ilitungwa kwa sababu ya yaliyotokea. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakayahama makazi yao, hadi Mwai Kibaki na Raila Odinga walipotia saini makubaliano tarehe 28 Februari 2008 mbele ya mpatanishi Kofi Annan. Lugha iliyotangulia mauaji yale haikuwa ya silaha. Ilikuwa lugha ya shambani na ya usafi wa nyumba, na ndiyo maana mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano iliyaweka maneno kama “madoadoa” na “kwekwe” katika orodha ya maneno ya kuepukwa. Anayejitolea mara nyingi ndiye wa kwanza kuyasikia maneno hayo, kwenye gari la msafara au jikoni kwa kiongozi wa chama, kabla hayajafika jukwaani. Akiyakemea pale pale amefanya zaidi ya kazi aliyotumwa.

Mtengano hauhitaji damu ili uharibu maisha. Pwani nzima inaikumbuka Zanzibar baada ya uchaguzi wa mwaka 1995, wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa, ambapo Salmin Amour wa chama tawala cha CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani cha CUF. Hususan Pemba, uhasama ulishuka hadi kwenye mambo ya kila siku: watu walisusiana maduka, hawakwenda kwenye harusi za upande wa pili, na wapo waliofika hadi kususiana maziko. Mwislamu wa Pwani hahitaji kuelezwa uzito wa kukosa kwenda kuzika jirani. Muafaka wa 1999 na wa 2001 haukutosha kuuondoa uhasama huo, na katikati yake, Januari 2001, watu waliuawa katika maandamano. Mabadiliko yalikuja baada ya Rais Amani Abeid Karume kukutana na Maalim Seif mwezi Novemba 2009, na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakaikubali kwa kura ya maoni, kwa asilimia 66.4, Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Viongozi wawili waliweza kupatana kwa mazungumzo ya faragha. Wafuasi waliokuwa wamegomeana dukani kwa miaka kumi na nne walikuwa na kazi ndefu zaidi, kwa sababu hakuna hati ya makubaliano inayorudisha salamu kati ya nyumba mbili.

Toleo la leo la mgomo huo hufanyika kwenye simu. Kikundi cha WhatsApp cha wazazi wa madrasa, cha akina mama wa chama cha kuweka akiba, au cha kuchangia harusi hakikuundwa kwa ajili ya kampeni, na wanachama wake hawakukubali kugeuzwa umati wa mkutano. Mfanyakampeni anayemwaga humo mabango na video kila asubuhi anadhani anawafikia watu mia mbili, kumbe anawalazimisha wachague kati ya kunyamaza kwa hasira na kujitoa. Jambo la busara ni kuwaalika wanaotaka wahamie kikundi kingine, na kuliacha jukwaa la harusi liendelee na harusi. Ujumbe wa kuzushwa una hatari zaidi, maana Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 iliweka adhabu kwa anayesambaza habari za uongo kwa makusudi, na mara nyingi mtu hubanwa na uongo ambao si yeye aliyeutunga.

Chumba kimoja, vyama vyote

Anayejitolea akiteuliwa kuwa wakala, tofauti za kisiasa huacha kuwa jambo la mtaa na kuwa jambo la dawati moja. Chama kina haki ya kuwa na wakala mmoja katika kila kituo, na mgombea huru wake. Kituo chenyewe, ambacho hakiwi na wapiga kura zaidi ya 700, mara nyingi ni darasa la shule ya msingi lenye madawati yaliyosukumwa ukutani. Mawakala hufika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, huonyeshwa kwamba masanduku ni matupu kabla hayajafungwa kwa lakiri, kisha hukaa bega kwa bega hadi saa kumi na moja jioni, na baada ya hapo hesabu huanza na huweza kwenda hadi alfajiri. Watu waliotupiana maneno viwanjani kwa miezi miwili hujikuta wakigawana taa ya simu na chupa ya chai, kwa sababu kituo kingine hakipo na hakuna anayethubutu kutoka nje kutafuta chakula.

Humo ndani heshima ina umbo la kiutaratibu. Msimamizi wa kituo hulitaja jina la mgombea aliyepigiwa kura na huiinua karatasi ili mawakala wote waione. Wakala asiyeridhika na alama iliyotiwa pembeni mwa kisanduku ana haki ya kupinga, na pingamizi lake huandikwa. Anaweza kudai kura zihesabiwe upya, lakini si zaidi ya mara mbili. Wakala wa upande wa pili hana haki ya kumzomea kwa kudai, kama yeye asivyokuwa na haki ya kulivuruga zoezi kwa kuwa anashindwa. Nimeona mara nyingi watu wakilichukulia pingamizi kuwa uchokozi, ilhali wakala anayepinga kura tatu kwa utaratibu anawapa walioshinda matokeo yasiyoweza kutiliwa shaka kesho yake.

Hesabu ikikamilika, matokeo ya urais huandikwa kwenye Fomu 34A, mawakala hutia saini, hupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa mlangoni ili yeyote aisome. Asiyekubali matokeo anaweza kukataa kutia saini, ila hutakiwa kuandika sababu, na kukataa kwake peke yake hakubatilishi matokeo. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa Juni 2017, matokeo yanayotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho kwa kituo hicho, jambo linalompa mtu wa kujitolea katika darasa la kijijini uzito ambao mgombea mwenyewe aliyekaa Nairobi hana.

Sababu aliyoiandika wakala ndiyo inayoweza kufika mbali. Kesi ya kupinga matokeo ya urais hufunguliwa ndani ya siku 7 tangu kutangazwa, na Mahakama ya Juu hutakiwa kuiamua ndani ya siku 14. Kwa viti vingine muda wa kufungua kesi ni siku 28. Mahakama hiyo ilibatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, na tarehe 5 Septemba 2022 majaji wote saba wakauidhinisha ushindi uliopingwa. Katika kesi zote mbili mawakili walibishana juu ya fomu zilizojazwa vituoni. Wakala aliyerarua nakala yake kwa hasira, au aliyefukuzwa kituoni kwa kupigana na wakala wa chama kingine, hakuwa na kitu cha kumpa wakili wa mgombea wake.